Kamusi ya Kompyuta ya Shangazi

Kwa wiki saba swali moja lilinikosesha usingizi. Mtu akiulizwa kama kitu kipo, na kitu chenyewe hakipo, lakini kiliwahi kuwapo, na yeye ana nia ya kweli ya kukirudisha, akijibu kwamba kipo amedanganya? Niliigeuza hoja hiyo kila upande. Upande mmoja nilikuwa mwongo, upande mwingine nilikuwa kijana mwenye matumaini. Kulipokucha nilikuwa mtu mwenye macho mekundu tu.

Aliyekuwa akiuliza ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kila Jumapili baada ya misa alitembea mpaka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi la ng'ombe kule kijijini Choma, mahali pekee ambapo simu yake hushika mtandao, akanipigia. Nilisikia upepo kwanza, halafu kengele za ng'ombe, halafu yeye.

"Baba, umeamkaje?" Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini? Usiniambie chai."

Nikimtajia chakula, cha kweli au cha kubuni, aliridhika. Kisha sauti ilishuka kidogo, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Na kamusi yangu ipo?"

"Ipo, shangazi."

"Basi vizuri. Nikirudi baada ya mavuno nitaimalizia."

Haikuwapo. Niliifuta mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa na shahada.

Kamusi yenyewe ilikuwa faili moja kwenye kompyuta ya dirishani, katika steshenari yetu iliyo kwenye barabara ya kwenda stesheni ya reli. Ni chumba kimoja: kompyuta tatu za mezani, printa moja, mashine moja ya kutoa kopi inayopiga kelele kuliko treni. Asubuhi tulichapa barua za watu. Mchana shangazi alifundisha kompyuta vijana waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani wakisubiri matokeo. Yeye alianza kazi ya kuchapa enzi za taipu za chuma, katika ofisi moja hapa mjini, na mpaka leo anabonyeza kibodi kama anatwanga. Wateja walijua yupo kabla hawajafika mlangoni.

Alichoka kuona wanafunzi wakikariri maneno ya kwenye skrini bila kujua yanafanya nini. Alisema mtoto lazima ajue anachokibonyeza. Ndipo akaanza kuandika kamusi: jedwali la safu mbili, neno kushoto, maelezo kulia. Jedwali hilo alilihangaikia kama mtu anavyohangaikia ua wa nyumba yake. Mistari ya ndani myembamba, ya nje minene, kichwa cha jedwali kijivu, herufi nzito kushoto tu. Na maelezo yake hayakufanana na ya kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Faili: mpagazi mmoja na mzigo wake.

Folda: msafara. Upe jina, la sivyo hutajua kama unakwenda Ujiji au pwani.

Kunakili: umeomba moto kwa jirani. Wako umewaka, wake haujapungua.

Kukata na kubandika: unang'oa mche kitaluni, unaupanda shambani. Usikae nao mkononi.

Kuhifadhi: kutia mahindi kwenye kihenge kabla ya mvua. Umeme wa Tabora hauagi.

Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa na neno "Waraka mpya" upande wa kushoto. Kulia palikuwa patupu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema bado analitafakari, na mimi nikacheka, kwa sababu katika ukoo wetu mwenye kutafakari kupita kiasi ni mimi.

Lazima nieleze jinsi tunavyofanya kazi, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Sisi wa steshenari hatuanzi barua kwenye ukurasa mtupu. Mteja akija na barua ya likizo, tunafungua barua ya likizo ya mteja wa juzi. Anwani inakaa palepale kulia, "YAH" inakaa palepale katikati, "Wako mtiifu" chini. Tunafuta ya katikati, tunaingiza ya huyu mpya. Barua za nusu ya mji huu zimezaana hivyo, moja kutoka tumboni mwa nyingine. Ni njia ya haraka, na ina hatari zake. Mlinzi mmoja mwenye mvi alinusurika kuombewa likizo ya uzazi, kwa sababu barua iliyomtangulia ilikuwa ya muuguzi na shangazi alisahau sentensi moja. Yule mzee aliisoma mlangoni, akarudi, akaiweka mezani taratibu.

"Mama," alisema, "mimi nimekubali mengi katika maisha, lakini hili mwajiri wangu hatalikubali."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo alinifundisha sheria moja: ukifungua barua ya mtu, kabla hujafuta hata nukta, nenda kwenye Hifadhi Kama, uipe jina jipya. Hapo ya zamani inabaki salama na wewe unaharibu nakala. Nilikuwa nimetoka chuo Dodoma na shahada ya jiografia, sina kazi, na nilisikiliza kwa subira ya mtu anayeamini kwamba yuko pale kwa miezi michache tu.

Miezi hiyo ilikuwa mitatu tulipopata habari kwamba bibi, mama yake shangazi, ameanguka akitoka kisimani kule Choma na hawezi tena kutembea peke yake. Ndugu wengine wote wana watoto na ajira. Shangazi hakuwa na mume wala ajira ya kuomba ruhusa. Alifunga mizigo miwili, akaniachia funguo, akaniambia anakwenda mpaka mavuno. Kiti chake kina mto alioushona mwenyewe kwa vitambaa vya vitenge. Niliuacha juu ya kiti, na mimi nikaendelea kukalia stuli. Mavuno ya kwanza yakapita. Ya pili yakapita. Nilifuta vumbi kwenye ule mto kila asubuhi.

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi chumba kinavyoweza kukosa sauti. Mashine ya kopi ilipiga kelele zake zilezile, bodaboda zilipita, watu waliingia na kutoka. Lakini mimi nabonyeza kibodi kwa vidole laini, na kila nilipomaliza sentensi nilijikuta nasubiri, kama vile kuna mtu atatwanga ya kwake upande wa dirishani. Jioni kabla ya kufunga niliwasha kompyuta ile, nikafungua kamusi, nikasoma maelezo mawili matatu, nikaifunga. Sikubadilisha kitu. Hata niliogopa kubonyeza Hifadhi, kwa sababu kompyuta huandika tarehe ya mwisho faili lilipoguswa, na tarehe ile ilikuwa siku aliyoondoka. Nilitaka ibaki hivyo.

Mtu anayewaza namna hiyo ndiye aliyeifuta.

Alikuja katibu wa kikundi cha wakulima wa tumbaku. Gari lao lilikuwa linanguruma nje, na alitaka barua yenye orodha ya wanachama, kila mmoja na ekari zake. Barua yenyewe ilinichukua dakika kumi. Orodha ilinishinda. Kila nilipotengeneza jedwali mistari ilipinda, majina marefu yalishuka chini, ekari zikakimbilia ukurasa wa pili. Dereva alipiga honi. Katibu alisimama nyuma yangu akipumua.

"Kijana, wewe si ndiye msomi wa humu?"

"Ndiyo, mzee. Dakika moja."

"Umesema hivyo tangu tukiwa na dereva mwenye furaha."

Nikakumbuka jedwali la shangazi. Mistari myembamba ndani, minene nje. Nikafungua kamusi, nikaweka kivuli cha bluu juu ya kila kitu, nikafuta maneno yote, nikaingiza majina na ekari. Likakaa kama limezaliwa kwa ajili yao. Nikabonyeza Hifadhi kwa mazoea, kama mtu anavyofuta mikono kwenye suruali. Nikachapisha. Katibu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Dakika chache baadaye umeme ukakatika bila kuaga, nikafunga na kwenda nyumbani.

Jioni iliyofuata nilifungua kamusi. Mahali pa "Faili" palikuwa na jina la mkulima, na mahali pa mpagazi na mzigo wake palikuwa na ekari mbili na nusu. Nilibonyeza Tendua. Nilibonyeza mara nyingi. Tendua inarudisha hatua ulizopiga tangu ulipofungua faili, na mimi siku hiyo nilikuwa sijapiga hata moja.

Kinachoniuma ni kwamba barua yangu ya kuomba kazi ina nakala kumi na nne. Kuna "mpya", kuna "mpya mwisho", kuna "mwisho kabisa", kuna "mwisho kabisa hii". Vitu vyangu mwenyewe, ambavyo hakuna aliyevihitaji, vyote nilivipitisha Hifadhi Kama. Kamusi haikuwa hata kwenye flashi, kwa sababu shangazi aliamini flashi zinazunguka mjini zikisambaza maradhi.

Jumapili akapiga. Nikasema ipo.

Nilijiambia ni kwa ajili yake, asihuzunike akiwa mbali, na bibi amelala ndani. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ilikuwa kwamba niliogopa. Kamusi ndiyo kitu pekee alichokuwa anakitaja anaposema atarudi. Hakusema atarudi kwa ajili ya wateja, wala mashine, wala mimi. Alisema atarudi kuimalizia. Nikaona kwamba akijua haipo, hatakuwa na sababu ya kurudi, na nitafuta vumbi kwenye ule mto mpaka nizeeke.

Nilijaribu kuiandika upya kwa kukumbuka. Neno nililipata, maelezo yakaja makavu. "Folda ni mahali pa kuwekea mafaili." Ni sahihi, na ni maiti. Nilifuta, nikaandika, nikafuta.

Jirani yetu ni mama wa Kihindi mwenye duka la madaftari na sare za shule, aliyezaliwa hapahapa mjini na anayeongea haraka kuliko mteja yeyote. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe chake cha chai, akanitazama kwa muda.

"Wewe mtoto, hiyo barua unaiandika au unaiombea?"

"Shikamoo mama. Ni maelezo ya wanafunzi. Yamepotea."

"Marahaba. Yale ya shangazi yako? Yamepotea vipi? Mimi nimeuza madaftari miaka yote kwa ajili ya hayo."

"Madaftari gani?"

Alinitazama kama nimeuliza stesheni iko wapi. "Hukai humu? Kila darasa jipya anawaleta dukani kwangu. Daftari kubwa, jalada gumu. Hagusi mtu kompyuta mpaka ayanakili yote kwa mkono. Mimi namwambia, dada, toa kopi, mashine si ipo? Ananijibu, wakiandika wanatulia." Akanywa chai. "Msomi mzima!"

Mimi nilikuja baada ya darasa la mwisho kwisha. Sikuwahi kuona. Nilikuwa naishi juu ya nakala zisizopungua kumi kila mwaka, zimetawanyika mkoa mzima, na sikujua.

Nilipekua daftari la mahudhurio. Namba nyingi za simu hazikupatikana. Wenye nazo wamekwenda Dar, wamebadilisha laini. Aliyepokea ni dada mmoja wa Goweko. Alisema daftari analo, lakini halitoki nyumbani kwake, niende mwenyewe. Nilijiuliza siku mbili kama amekasirika au amenikaribisha. Siku ya tatu nikapanda gari la asubuhi.

Nilimkuta uani na mama mkwe wake wakichambua tumbaku, majani yamepangwa kwenye mkeka kwa madaraja. Harufu yake iliniingia mpaka kooni. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni. Nilimwamkia mama mkwe, akanijibu kwa Kinyamwezi maneno marefu, na wote wawili wakacheka.

"Anasema umekonda," alinifasiria. "Anasema mjini hamli, mnabonyeza tu."

Aliinuka, akanawa mikono, akatoa daftari kwenye sanduku la bati lenye vyeti vya ubatizo. Lilikuwa na jalada gumu la bluu. Nikalifungua, na shangazi akaanza kuongea. Mpagazi. Msafara. Moto wa jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha. Badala yake hamu ya kumwona ilinijia ghafla kiasi kwamba nilijifanya kupiga chafya kwa sababu ya tumbaku. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, na nyingine mtoto mkubwa alichora ng'ombe juu ya herufi. Maneno kama kumi hivi hayakuwapo.

"Samahani," alisema. "Tulikosa karatasi ya kuwashia moto, mvua kubwa ile."

"Hapana, dada. Umeniokoa. Hili la kihenge ndilo nalipenda kuliko yote. Shangazi ana akili."

"Hilo si la Ticha." Alilisema bila kujivuna, akirudi kwenye majani yake. "Hilo ni langu."

Nikamtazama.

"Mwisho wa darasa kila mtu alichagua neno moja alielezee kwa mambo ya kwao. Ticha alichagua yaliyotulia, akayaingiza. La mche wa tumbaku ni la kijana mmoja tuliyekaa naye meza moja. La Ticha mwenyewe ni la msafara, na mengine machache. Wewe lako lipi?"

"Mimi sikusoma darasa lake."

"Ulikaa naye miezi mitatu hukuandika hata moja?" Akamfasiria mama mkwe, na yule mama akatikisa kichwa kwa huruma iliyoniumiza kuliko kicheko. "Basi andika sasa. Yeye mwenyewe hatarudi kuyaandika."

"Atarudi baada ya mavuno."

Mikono yake ilisimama. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyopanga upya jani ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Kaka, Ticha alipita hapa kuniaga siku aliyoondoka. Aliniachia kanga zake mbili. Alisema anakwenda nyumbani moja kwa moja, hataki bibi afe mikononi mwa watu wengine, na akishazoea ng'ombe hatazoea tena mji." Akasita. "Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na daftari magotini na nilijaribu kukasirika. Sikuweza. Nilihesabu Jumapili zote alizosema atarudi, nikaona kwamba alikuwa akisema kwa sauti ileile niliyotumia mimi kusema ipo. Alijua nitatafakari. Alinihurumia kila wiki, kutoka juu ya kichuguu, kama mimi nilivyomhurumia. Tulikuwa tumesimama kila mtu upande wake tukishikilia kitu ambacho hakuna mwenye nacho.

Nilichapa daftari lote kwa siku nne. Jedwali nililichukua kwenye orodha ya wakulima, lakini safari hii nilianza na Hifadhi Kama. Maneno yaliyochanwa nikayaandika upya mwenyewe, kwa aibu, makavu yakiwa makavu. Nilipofika mstari wa mwisho, "Waraka mpya", nikakaa mbele yake karibu asubuhi nzima. Kisha nikaandika upande wa kulia: ukurasa ambao hakuna aliyefuta ya kwake ili wewe uandike. Unatisha. Anza tu. Nikabonyeza Hifadhi, na tarehe ya kompyuta ikawa ya siku ile. Nikatoa nakala mbili, moja ya darasa jipya nililotangaza mlangoni, moja ya kupeleka Choma kwa basi la Igunga.

Jumapili simu iliita. Upepo, kengele, yeye.

"Baba, umeamkaje?"

"Shikamoo shangazi. Nimekula, wali na maharage, kweli."

"Marahaba. Leo una nini? Na kamusi yangu ipo?"

"Haipo. Niliifuta mwenyewe, shangazi. Nimekudanganya Jumapili zote hizi."

Kengele ziliendelea. Ng'ombe mmoja alilia.

"Ulikuwa unaandika barua ya nani?"

"Ya wakulima wa tumbaku. Nilitaka jedwali."

"Lile jedwali lilinitoa jasho. Walau lilikaa vizuri?"

"Lilikaa vizuri sana. Nimeipata nyingine Goweko, imepungua kidogo. Nakuletea." Nilivuta pumzi. "Na wewe, shangazi, usiniambie tena baada ya mavuno."

Nilitazama skrini ya simu kuona kama laini imekatika.

"Yule binti hajui kutunza neno," alisema hatimaye.

"Anatunza. Yote yalikuwa kwenye sanduku."

Alicheka, halafu kicheko kikaishia mahali ambapo hakikutakiwa kuishia. Bibi alimwita kutoka ndani. Akaniambia niendelee kula.

Jumatatu vijana sita walisimama mlangoni kila mmoja na daftari lake jipya kutoka duka la jirani. Niliisogeza stuli pembeni. Nikakalia kiti chenye mto wa vitenge, kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani, nikawaambia wafungue ukurasa wa kwanza na washike kalamu.